Fagio Lingoje Kwanza

Hema la kwanza nililosimamisha lilianguka kabla sijaondoa mkono kwenye kamba. La pili lilisimama, lakini mlango wake niliuelekeza kichakani, na mama mmoja aliyetoka asubuhi na mtoto mgongoni akakutana na miiba uso kwa uso. Naanza na hayo ili ninyi mnaobaki na hema zetu kule Ubwari msiogope. Kazi hii haikuanzwa na watu wanaoijua.

Nikisema nimestaafu, watu wananicheka. Wanasema kustaafu ni kwa mwenye mvi, na mimi bado nina meno yote. Lakini macho ya baba yangu kule Lubondja yamefifia, shamba linataka mwanaume, na ufunguo wa sanduku la hema nimekwisha kuurudisha. Aliyerudisha ufunguo amestaafu, awe na umri wowote. Basi nimeomba karatasi kwa mwalimu wa misheni, nami nawaandikia kwa mkono huu uliosoma kidogo, ili niliyojifunza yasije yakaishia katikati ya mihogo.

Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini nilikuwa mbeba magunia kwenye kiwanda cha pamba, hapa Baraka. Mkubwa wa mashine, mzungu mmoja mpole, alipenda sana kulala porini. Kila kazi ilipopungua alimpakia mke wake na watoto kwenye boti, pamoja na hema, vitanda, hata beseni la kuogea, wakavuka ghuba kwenda Ubwari. Walirudi wekundu kama pilipili, wameumwa na mbu kila mahali, wanacheka. Sisi tulikuwa tukiwatazama na kuwaonea huruma.

Mwaka mmoja akaletewa hema mpya. Akasema zile za zamani zitumiwe na jamaa za wafanyakazi, nao waende na watoto wao wakapumzike, waone ndege na nyama wa pori. Kama hazina watu, zitakatwa zifunikie magunia ya pamba.

Hazikuwa na watu. Kapita wetu, msimamizi wa wabeba magunia, alisema mbele ya wote, "Baba yangu alilala chini. Mimi nilijenga nyumba ya matofali, nikanunua kitanda. Sasa munataka nirudi chini, tena nifurahi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa mahali pengine. Nilipokuwa mdogo Lubondja, mama alikuwa akitupeleka ukingoni mwa msitu kutafuta uyoga. Tulilala huko kwenye vibanda vya majani, tukawatazama kima wakirukiana juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyeita mambo hayo kupumzika, jina lake lilikuwa uyoga. Lakini mama, ambaye nyumbani alikuwa na maneno makali kuliko pilipili, huko alikuwa akicheka kutwa nzima. Nikawafikiria watoto wa pale kiwandani, waliojua mlio wa injini kuliko mlio wa ndege yeyote. Siku hizo ndoto nilikuwa nazo nyingi na viatu sikuwa navyo. Nikanyoosha mkono.

Wakanipa hema zote, nyundo ya mti, na Wilondja.

Wilondja alikuwa mtu wa milima ya Fizi. Aliwahi kuwabebea miti na minyororo watu waliopima barabara, akalala nje miaka mingi kwa sababu hakuna aliyemlipa alale ndani. Hakuwa mzee na hakuwa mpole. Alivuta ugoro, akaitukana kila kamba kwa jina lake. Siku ya kwanza aliniangalia nikipigilia kigingi wima kama nguzo ya kanisa, akasema, "We unafunga hema ao unapanda muti? Laza. Kigingi inakataa kama vile mutoto anakataa kuoga. Inalala nyuma, miguu mbele."

Sijawahi kusahau. Mkimfundisha mtu kigingi, mwambieni habari ya mtoto anayekataa kuoga.

Alinifundisha nisifunge fundo linalotaka meno kulifungua. Alinifundisha kutundika chakula mbali na hema. Tena alinifundisha kwamba ile sehemu laini, safi, pana, inayopanda kutoka majini ikielekea kwenye nyasi, ambayo kila mgeni anaipenda kwa hema lake, ni barabara ya kiboko. Kapita, siku aliyokubali kuja hatimaye, alikuja na kitanda chake na akakitaka hapo hapo. Wilondja hakubishana naye. Alimwambia tu, "Kapita, mwenye nyumba atarudi jioni." Kabla ya jioni kitanda kilikuwa kimehama, na kapita akakaa nasi juu ya jiwe na watoto wake, akamwona mwenye nyumba akitoka majini na mtoto wake nyuma, wanakula majani polepole, masikio yanachezacheza. Kapita aliwafuata kwa macho mpaka walipozama tena. Halafu akasema, "Kumbe anamuchunga mutoto vile vile kama bibi yangu anachunga hawa wetu." Huyo ni kapita aliyekuwa akitukana hema. Nilitamani kucheka, lakini macho yangu yalikuwa yamelowa, nikajifanya natafuta nyundo.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha Wilondja kilikuwa mchanga. Kiwanja chetu, mnakijua, ni mchanga mtupu kutoka kwenye hema mpaka majini na mpaka kwenye njia ya mlima. Kila alfajiri mchanga huo umejaa habari. Hapa fisi maji alitoka na samaki, akamla, akaacha magamba. Hapa kenge alipita, mkia umechora mstari. Hawa ni kanga na vifaranga vyao. Wilondja alikuwa akinitembeza nikiwa na usingizi, ananiuliza, "Huyu alikuwa anaenda ao anakimbia? Alikuwa peke yake?" Nikikosea ananipiga kofi jepesi la kisogo. Nilipenda asubuhi hizo kuliko mshahara. Mimi nikawaza: kazi yangu nimeiona. Nitawaamsha watoto mapema, baba zao na mama zao nyuma yao, tusome mchanga pamoja.

Halafu akaja Mama Zamuda.

Mama Zamuda alikuwa mama yake Ramazani, fundi wa injini ya kiwanda. Katika mtaa wetu, bamama walinunua kitambaa baada ya kuona yeye amenunua kipi, walinyamaza alipokohoa, na kiwanjani kwake ungeweza kumwaga unga chini ukauzoa wote. Ramazani alipoamua kuleta jamaa yake kambini, alikuja na mke wake, na binti yake Sakina ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno ya utoto, na mama yake. Jamaa nyingine kadhaa zikafuata kwa sababu mama huyo alikubali. Tulijua wote, mimi na Wilondja, kwamba akirudi na kusema pazuri, hema zitajaa mwaka mzima. Akisema pabaya, magunia ya pamba yatafunikwa vizuri sana.

Alishuka kwenye mtumbwi akiwa ameshika kitu kimoja tu mkononi. Sufuria na mikeka waliteremsha wengine. Yeye alishika fagio lake.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jua, nikaenda kuwaita watoto. Nilipotoka, nikakuta kiwanja kimefagiliwa chote, mistari mizuri ya fagio kama nywele zilizochanwa, kutoka hema la mwisho mpaka majini. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala mdudu. Katikati alisimama Mama Zamuda, ameinama, mkono mmoja mgongoni, anamalizia, na bamama wengine wawili wamevunja matawi wanamsaidia.

Wilondja alishika kichwa. "Mama, umefanya nini?"

"Umeona nini?"

"Habari yote ya usiku ilikuwa hapa chini."

"Ilikuwa uchafu," alisema Mama Zamuda. "Mavi ya ndege na magamba ya samaki. Wageni wakipita na mutumbwi waseme tunalala kama nani?"

"Wageni gani mama? Huku hakuna mutu."

"Basi kama hakuna mutu, we Wilondja ni nini?"

Bamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wilondja akaenda kuvuta ugoro nyuma ya mawe.

Nilijaribu mimi, kwa adabu. Nikamweleza juu ya fisi maji, juu ya kanga. Alinisikiliza vizuri, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, kiwanja kinafagiliwa kabla ya baba wa nyumba kuamuka. Vile mama yangu alifanya, vile nafanya. Nyama wa pori watarudi kesho wachafue tena, utawaona hapo." Hata nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Mwanamke wa Baraka anayeamka na kukuta kiwanja chake kina nyayo za jana anaona kama ametoka nje bila kitambaa kichwani.

Kwa hiyo tulifanya mambo mengine. Tuliwatazama furukombe wakivua. Tulipanda kidogo mlimani kuona ngedere. Na mchana, watu wakiwa wamekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, Wilondja aliwakusanya watoto kivulini akawaambia habari ya ndege wa asali.

"Ni kandege kadogo, rangi ya vumbi, haiko na uzuri wowote," alisema. "Lakini inajua kila muti yenye asali. Yenyewe haiwezi kupasua. Inakuja karibu yako, inalia kama vile mutu anatikisa kiberiti. Tk-tk-tk-tk. Ukiifuata, inaruka mbele kidogo, inakungojea. Ikifika kwenye muti, inanyamaza. Hapo we unatoa asali, na yake unaiacha juu ya jani."

"Na ukikula yote?" aliuliza mtoto mmoja.

"Siku ingine itakupeleka kwa nyoka."

Sakina alikuwa amekaa mbele kabisa, mdomo wazi, pengo linaonekana. "Na kama mutu haiko na shoka?"

"Anakaa mbali na nyuki, anangojea mwenye shoka."

"Na ndege?"

"Inangojea naye."

Sakina aliuliza tena jambo hilo jioni, wakati namfungia baba yake kamba ya hema. Akaliuliza tena kwa bibi yake wakati wa kulala, nikasikia Mama Zamuda akimjibu, "Ndiyo, inangoja, sasa na wewe ngojea usingizi." Nilidhani ni maneno ya mtoto tu.

Kesho yake Wilondja alivuka na mtumbwi kufuata unga, nikabaki peke yangu na watu wote. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya mlima, kiwanja kimekwisha fagiliwa, moto unawashwa. Mke wa Ramazani akatoka hemani akauliza, "Sakina iko wapi?"

Kila mtu alidhani yuko na mwingine. Tukaita. Tukatazama kwenye hema zote, nyuma ya mawe, kwenye mtumbwi mbovu. Tukaita tena. Halafu nikaona watu wote wananitazama mimi, na mimi nikatazama chini.

Mchanga ulikuwa safi. Ungeniambia aliingia majini, ningeamini. Ungeniambia alipanda mlima, ningeamini pia. Vinyayo vidogo ambavyo vingetuonyesha njia vilikuwa vimechanwa vizuri na fagio, mistari imenyooka mpaka ukingoni mwa maji. Ramazani alifikiria mamba. Alikimbia akaingia ziwani na nguo zake zote, na wanaume wengine wakamfuata na makasia wakipiga maji. Mke wake alikaa chini.

Mama Zamuda hakulia. Alisimama na fagio mkononi, anautazama mchanga wake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea, "Nilianza pale kwa hema yetu. Nilipita pale. Kulikuwa vidole vidogo, niliviona. Nikasema ni vya jana."

"Bibi, vilielekea wapi?" nilimwuliza.

"Sijui. Nilikuwa nafagia, sikuwa naangalia."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, Wilondja angekuwepo ningemkimbilia nijifiche nyuma yake. Hakuwepo. Nikajiuliza maswali yake yeye. Alikuwa anaenda ao anakimbia? Alikuwa peke yake? Nikayakumbuka maswali ya Sakina: na kama mutu haiko na shoka? Na ndege? Hakuwa akicheza. Alikuwa akiuliza kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Hakwenda majini," nilisema. "Alifuata ndege."

"Ndege gani? Pori lote ni ndege," alisema mama mmoja, ambaye alikuwa tayari anakunja mikeka.

"Ile ya asali. Sitatafuta mtoto. Nitaita ndege."

Walinitazama kama mwendawazimu, na mtu asiye na viatu anayesema ataita ndege hana la kujitetea. Nilipanda njia ya mlima mpaka mahali ambapo mchanga unaisha. Juu yake ni mawe na majani makavu, hayashiki unyayo. Nikakunja viganja, nikapuliza kati ya vidole gumba kama Wilondja alivyokuwa akifanya, ule mlio mnene wa kuwaambia ndege wa asali kwamba mtu yupo. Nikapuliza na kunyamaza. Nikapuliza tena. Nyuma yangu nilisikia mtu anahema. Ni Mama Zamuda, amepanda na fagio lake kama fimbo.

"Bibi, rudi, kuna mawe."

"Puliza," alisema.

Nilipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Chini tulisikia wanaume wakiita kwenye maji, na kila walipoita Mama Zamuda alifumba macho. Halafu, upande wa kushoto, kwa mbali, kitu kikatikisa kiberiti.

Alikuja akakaa kwenye tawi, rangi ya vumbi, hana uzuri wowote. Tk-tk-tk-tk. Akaruka mbele, akatungoja. Sikuwa na hakika. Labda alikuwa ndege mwingine, na mti mwingine, na nyuki wengine. Nilimwambia bibi hivyo, kwa sababu sikutaka kumdanganya. Akanijibu, "Kama ni ingine, tutaita ingine. Twende." Tukapita kwenye miiba, tukashuka kijibonde, tukapanda, yeye amenishika shati kwa nyuma. Ndege akaruka, akaita, akaruka. Kisha, juu ya mti mmoja mkubwa wenye pengo, akanyamaza.

Mbali kidogo na mti, juu ya jiwe, amekunja miguu, alikuwa Sakina.

Alitutazama kwanza mikono. "Munakuja bila shoka?" akasema. "Mi niko nangojea tangu asubui. Ndege iliniacha kidogo, nikajua inaenda kuita batu."

Mama Zamuda alikaa chini pale pale, juu ya majani. Alimvuta mtoto akamweka mapajani, akamshika miguu yake miwili, akawa anaipangusa vumbi na kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, mpaka nikaona haya kuangalia. Nilipanda juu ya jiwe nikapiga kelele kuelekea ziwani kwamba amepatikana, yuko mzima. Kelele za kule chini zikakatika.

Ramazani alifika amelowa, na shoka mkononi, sijui alilichukua kwa ajili ya nani. Aliponyanyua mkono kumchapa binti yake, mama yake akasema bila kuinua sauti, "Weka mukono chini. Mutoto aliacha njia yake wazi. Ni mimi niliifuta."

Tulitaka kurudi. Sakina akakataa. Alisema tukiondoka, ndege atakuwa amedanganywa, na siku nyingine atawapeleka watu kwa nyoka. Tukaangaliana. Ndege alikuwa bado amekaa juu ya tawi, kimya, anangoja kweli kama Wilondja alivyosema.

"Kiberiti yangu imeloa," alisema Ramazani. Mimi nilikuwa na yangu. Lakini majani ya pale yalikuwa makavu, yanawaka bila moshi, na nyuki hawaogopi moto, wanaogopa moshi. Mama Zamuda akatazama fagio lake. Lilikuwa limelowa umande wa asubuhi, limefungwa vizuri, nene. Alilibusu? Hapana, msiamini watu wanaosimulia hivyo mtaani. Alinikabidhi tu akasema, "Washa hii. Iko na moshi ya kutosha, na imeleta maneno ya kutosha."

Hivyo ndivyo fagio la Baraka lilivyoishia ndani ya mti wa Ubwari. Ramazani alipasua, mimi nikafukiza, tukaumwa mimi na yeye sawasawa. Sakina alichagua jani. Bibi yake akaweka juu yake kipande cha asali. Mtoto akatikisa kichwa, kidogo. Bibi akaongeza. Akatikisa tena. Bibi akaweka kipande kikubwa kuliko vyote, na hapo tu ndipo tukaruhusiwa kuondoka.

Kambini bamama walikuwa wamekwisha kunja mikeka. Sufuria zimefungwa, watoto wameshikwa mikono, wanangoja mtumbwi wa Wilondja urudi ili waondoke na wasirudi tena. Nilijua hivyo, na sikuwa na ubishi. Niliona turubai zangu zikiwa juu ya magunia ya pamba. Wote walikuwa wanamtazama Mama Zamuda waone atasema nini.

Alikaa, akaomba maji, akanywa. Akagawa asali. Kisha akanigeukia. "Kesho nitafunga fagio ingine. Itakaa kwako. Hakuna mutu atafagia kabla ya batoto kusoma chini."

"Kesho?" nikasema. "Bibi, hamuondoki?"

"Nani alisema naondoka?" Aliwatazama wenzake na mikeka yao. "Na nyinyi, munapeleka wapi hizo mikeka? Hamujakula."

Wilondja aliporudi na unga alikuta watu wanakula asali, mimi jicho moja limefura, na hakuna fagio. Tulipomsimulia, alivuta ugoro wake bila kutukana kamba hata moja. Kisha akanipiga lile kofi la kisogo, jepesi kuliko siku zote, akasema, "Mulio wako ya kuita ndege ni mubaya, nimeisikia mara nyingi. Ile ndege ilikuwa na njaa tu." Katika kazi yangu yote sikupata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Tangu asubuhi iliyofuata ndiyo ikawa desturi mnayoijua. Fagio linangoja kwanza. Watoto wanatoka, wanasoma, wanabishana. Baba anapiga magoti kuangalia mguu wa fisi maji, mama anasema hapana huyo ni paka, wanacheka. Wakimaliza, mimi nalitoa fagio sandukuni na bamama wanafagia kwa raha yao. Zikaja jamaa kutoka Swima, wavuvi waliosema wanajua ziwa lote, na watoto wao wakawaonyesha njia ya kanga. Zikaja jamaa za Makobola. Hema zikararuka, tukashona, zikararuka tena. Magunia ya pamba yalitafutiwa kifuniko kingine. Wilondja alirudi milimani kwake goti lilipomsumbua, akaniachia nyundo na matusi yote ya kamba.

Na kuna jambo moja ambalo najivunia kuliko hema. Siku moja nilipita mapema mtaani kwetu, hapa Baraka, nikamwona Mama Zamuda ametoka na fagio kiwanjani kwake. Hakuanza kufagia. Aliinama kwanza, akatazama chini kwa muda, akazunguka, akatabasamu peke yake. Aliponiona akasema, "Kuku ya jirani iliingia, na kijana mumoja wa viatu alisimama kwa dirisha ya mujukuu wangu mukubwa. Nitamungojea leo." Namhurumia kijana huyo mpaka kesho.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa juzijuzi, nayo ilikuwa ya jamaa ya Ramazani. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, mnajua. Nikaamua niondoke alfajiri, kimya, mtumbwi wa Swima unipitie nyuma ya mawe. Nikaweka fagio juu ya sanduku, nikachukua mzigo wangu, nikashuka. Nilikuwa nimekaa ukingoni najisifu kwa ujanja wangu niliposikia sauti za watoto zinakuja, na ya Sakina mbele yao wote. Sasa ni msichana, meno yote yamerudi.

"Hapa aliweka muzigo chini," alikuwa akisema. "Hapa alirudi, akasimama kwa hema yetu. Vidole vinaangalia mulango. Akaenda. Hapa akageuka tena. Huyu mutu hataki kuenda." Kisha akatokea kwenye jiwe, akanitazama, akaniita kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita kaka mkubwa. "Yaya, ulitufundisha we mwenyewe, halafu unapita juu ya muchanga?"

Nikainuka na mzigo wangu. Wakanirukia wote, na mzigo wangu ukaanguka majini, na kwa hiyo machozi hayakuonekana sana.

Mtumbwi uliponichukua nilitazama nyuma. Mama Zamuda alikuwa ametoka. Watoto walikuwa wamemaliza kusoma, basi aliinama, mkono mgongoni, akaanza kufagia kutoka hema la mwisho, mistari mizuri kama nywele zilizochanwa, anakuja polepole. Alipofika kwenye nyayo zangu aliinua fagio, akazivuka, akaendelea kufagia upande wa pili.